Pikapu ni ya watu, sio ya vyuma

Kwenye kipindi cha wiki jana niliropoka kwamba pikapu nyingi zilizoandaliwa kwa safari za porini, hizi tunazoziona zikipita Fore Street zimenyanyuliwa juu utadhani zinavuka mto, zinajibeba zenyewe na hazibebi kitu kingine. Mliosikiliza vizuri mlisikia mtu akikohoa. Huyo ni kaka yangu, ndiye anayetushikia mitambo, na ndiye mwenye pikapu. Au tuseme ndiye mwenye funguo, maana nani hasa mwenye pikapu ni swali ambalo nyumbani kwetu halijaisha.

Tangu hapo meseji zimekuja nyingi. Nusu yenu mko upande wangu, nusu mnaniambia niwaache watu wafurahie magari yao. Bora niandike, kwa sababu kwenye maiki nakatizwa.

Kwanza mjue mi sio adui wa haya magari. Nimekulia kiti cha nyuma cha Hilux. Baba alikuwa nayo ya zamani, ya diseli, milango minne, na hiyo gari ilibeba nusu ya Watanga wote walioko Edmonton na makochi yao. Haikufa kwa injini, ilikufa kwa karatasi. ULEZ ilipofika North Circular tarehe 25 Oktoba 2021, sisi tulikuwa upande wa kaskazini wa barabara, tukapumua. Lakini ukishuka Angel Edmonton, ukavuka tu kwenda Tottenham, pauni 12.50. Baba akawa anapanga njia zake kama mtu anayemkwepa mdai: Enfield sawa, Waltham Cross sawa, kwa shangazi Seven Sisters tunapanda basi. Halafu tarehe 29 Agosti 2023 London nzima ikaingia, na mchezo ukaisha. Gari la diseli lazima lifikie kiwango cha Euro 6, na pikapu nyingi zilizotoka kabla ya 2016 hazifiki. Ukiendesha kila siku ni zaidi ya pauni 4,500 kwa mwaka. Kwa gari ambalo lenyewe halifiki bei hiyo!

Basi tukachanga. Baba alitoa pesa aliyouzia ile ya zamani, Ba'mdogo akatoa, Mama akatoa ya kijumbe, mi nikatoa kidogo, kaka akatoa fungu kubwa. Ikanunuliwa Hilux nyingine, sio mpya, ila Euro 6. Kumbukeni hicho kitu, tulichanga. Nitakirudia.

Sasa kaka ana orodha. Kuinyanyua inchi tatu. Tairi za matope. Bampa la chuma na winchi. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo mpaka usawa wa paa. Bamba za chuma chini ya injini na gia boksi. Kanopi, na juu yake hema la kukunjua. Halafu ndani ya bodi la nyuma droo mbili ndefu zinazojaza sakafu yote, friji, na betri ya pili ya kuiendesha hiyo friji. Jumla ni karibu pauni elfu tisa, na bado fundi hajashika spana. Lengo ni Wales kiangazi hiki, Scotland mwakani, na siku moja, Inshallah, Edmonton mpaka Tanga kwa barabara. Hiyo ya mwisho tuiache kwanza, maana tangu vita vianze Sudan Aprili 2023 njia ya kushuka na Nile imekuwa ndoto.

Nilikaa na kalamu. Hilux ya milango minne inaruhusiwa kubeba takriban tani moja, na ndani ya hiyo tani wamo na watu. Bampa na winchi, tuseme kilo 90. Kanopi 70. Hema 70. Droo 80. Friji na betri 50. Bamba za chini 40. Hizo ni kilo 400 na hakuna hata mtu mmoja aliyeingia garini. Weka watu wazima wanne, kilo 320 kama hawajatoka harusini. Maji lita 60, kilo 60. Zimebaki 220 za chakula, nguo, vifaa, madumu ya diseli, na mizigo ya Mama, ambayo peke yake inataka lori. Yaani pikapu, gari lililozaliwa kubeba, limejaa kabla ya kubeba.

Na uzito una mahali unapokaa. Hema juu ya kanopi maana yake kilo 70 ziko juu ya vichwa vya watu, gari likilala upande kwenye mteremko zinalivuta liendelee kulala. Droo na friji zikirudi nyuma ya ekseli, kila shimo linakuwa nyundo. Pikapu za milango minne zilizozidiwa mzigo zinajulikana kwa ugonjwa mmoja: chesisi inapinda nyuma tu ya kebini, bodi linainamisha mkia kama mbwa aliyefokewa. Hiyo haitengenezwi na spana.

Kuna na namba moja ya Uingereza ambayo wauzaji wa vifaa hawaiimbi: kilo 2,040. Pikapu ya foo-wili yenye uzito mtupu usiozidi hapo inafuata mipaka ya kasi ya magari madogo. Ikizidi, inahesabiwa gari la mizigo: maili 50 badala ya 60 kwenye barabara ya njia moja moja, 60 badala ya 70 kwenye ya njia mbili isiyo motorway. Pikapu nyingi za siku hizi ziko karibu na huo mstari, nyingine zimeshauvuka zikiwa dukani. Vyuma ulivyofunga kwa boliti vinaingia kwenye hesabu. Na kila kimoja unatakiwa ukiseme kwa watu wa bima. Kijana wa miaka ishirini na kitu anayeishi N9 anajua tayari bima inavyouma bila hata winchi.

(Kuna mmoja ameandika nimshauri kaka akitoe kichujio cha moshi wa diseli ili injini "ipumue". Ndugu yangu, tangu Februari 2014 gari lililotoka kiwandani na kichujio likikutwa halina, linaanguka MOT. Halafu hicho kichujio ni sehemu ya ile Euro 6 iliyotuingiza London tena. Hapana.)

Sasa, mnaweza kusema huyu dada anaongea, amejuaje? Ba'mdogo. Kabla hajaja huku kuendesha basi la ghorofa, Ba'mdogo aliendesha watalii kutokea Arusha kwa miaka kumi na moja. Kaka anaangalia YouTube ya mtu wa Australia akieleza shokapu saa zima, na ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mtu amekaa anakunywa chai ambaye amezibadilisha barabarani kwa tochi ya simu, na abiria wamekaa kivulini wanasubiri. Hatujawahi kumuuliza. Kwa nini? Nadhani kwa sababu ujuzi wake hauna picha nzuri.

Nenda kaangalie Land Cruiser la Arusha linalopanda Ngorongoro na kukata Serengeti. Hilo ndilo gari lililofanyiwa marekebisho kuliko yote mtakayoona. Linakatwa, linaongezwa urefu katikati, linaungwa tena. Paa linafunguliwa liwe la kunyanyuka. Viti vinapangwa ili kila mtu awe na dirisha lake. Mengi chini yake yana injini ile ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, ya taratibu kama mzee anayepanda ngazi, lakini fundi yeyote njiani anaijua. Hakuna kitu kimewekwa kwa ajili ya kupendeza. Kila chuma kilichoongezwa kinamjibu mtu aliyekaa. Nikamuuliza Ba'mdogo snokeli ni ya kuvukia mito? Akacheka. Kwake ilikuwa ya vumbi zaidi: ukifuata magari mengine kiangazi, hewa ya juu ina vumbi kidogo kuliko ya chini, kichujio kinadumu. Sasa niambieni, vumbi la A10 liko kiasi gani?

Au chukueni pikapu za miraa za Kenya. Miraa inatakiwa itafunwe mbichi, ndani ya siku mbili hivi imeshapoteza kazi yake, kwa hiyo kutoka Maua, huko Meru, mpaka ndege ya Nairobi, Hilux zilikuwa zinashindana na jua. Sehemu ya mzigo huo ilikuwa inakuja hapa hapa London, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Wakubwa wenu wa London kaskazini wanakumbuka. Siwasifii mwendo wao, wameua watu wengi. Nasema tu ile gari ilivyokuwa: turubai, kamba, mzigo, basi. Na pikapu za mizigo za kwetu kwa jumla, kitu cha kwanza kinachoongezwa ni kwenye springi za nyuma, vile vyuma bapa vilivyolaliana; kinaongezwa kimoja au viwili ili mgongo usiiname. Hakuna anayepiga picha springi.

Na mtu akiwaambia bila gari kubwa hufiki popote, mtajieni Joginder Singh. Safari Rally ya 1965, yeye na mdogo wake Jaswant walishinda na Volvo PV544, gari la kawaida la familia, tena lililokwishatumika. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Haya ni mashindano yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope ya masika. Volvo ile haikuwa na inchi tatu za ziada. Ilikuwa na dereva ambaye pia ni fundi.

Hivyo basi pauni zetu ziende wapi? Tairi kwanza. Sio za matope zenye meno makubwa zinazonguruma M25 nzima. Za kati, zinazofaa lami na vumbi, zenye kuta imara. Halafu kompresa ndogo na kipimo cha upepo. Hii ndiyo siri kubwa, na gharama yake haifiki hata ya bampa. Barabara za vumbi zina vile vijimatuta vilivyopangana kama mabati. Waliopita Isiolo kwenda Moyale kabla haijawekwa lami wanavijua mpaka kwenye meno. Ukibaki na psi 35 gari zima linatetemeka: nati zinalegea, shokapu zinachemka mpaka zinavuja, abiria wanagombana. Shusha mpaka 25 hivi, tairi linaanza kumeza matuta lenyewe. Kwenye mchanga unashuka zaidi, na mwendo unapunguza. Ukirudi kwenye lami unajaza tena kabla hujakimbia, maana tairi laini kwenye mwendo mkubwa linapata moto na linapasuka. Ba'mdogo anasema gari linavunjwa kwanza na dereva, pili na mzigo, barabara ni ya tatu.

Baada ya tairi, springi na shokapu za nyuma zinazolingana na mzigo mtakaobeba kweli. Bamba la kulinda chini ya injini, sawa, hilo nimekubali. Kamba nzuri ya kuvutia na mahali imara pa kuifunga. Koleo. Tairi la akiba la ukubwa uleule. Fyuzi, mikanda, na mtu anayejua vinakaa wapi. Pesa iliyobaki inunue diseli. Winchi ninaipinga mpaka siku mtakaponionyesha mlipokwama mkiwa na tairi nzuri, upepo umeshushwa, na watu wanne wa kusukuma.

Halafu tuulizane, kukwama wapi? England na Wales ukiwa na injini huruhusiwi kuingia kila njia ya udongo unayoiona. Kuna zile zinazoitwa byway, zilizo wazi kwa kila chombo, na unaziona kwenye ramani. Sheria ya 2006 ilifuta haki ya kupita na injini kwenye njia nyingi sana ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo. Scotland wana ile sheria nzuri ya 2003 ya kutembea karibu popote, lakini ni ya miguu, baiskeli, farasi, mtumbwi, gari halimo. Kwa hiyo lile hema la juu ya gari halina haki ya hema la mtu wa mkoba, utalala nalo kwenye kambi ya kulipia kama kila mtu, jirani yako akiwa na karavani. Byway za Hertfordshire na Essex, nusu saa au saa moja tu kutoka Edmonton Green, nyingi zinapitika na Hilux ya kiwandani yenye tairi nzuri zikiwa kavu. Zikiwa chapa maji baraza wakati mwingine hufunga, na hata isipofunga, ukizichimba mitaro unawapa sababu wale wanaotaka zifungwe moja kwa moja.

Na kuna kitu ambacho kwenye kipindi sikukisema. Vijana wanne weusi, pikapu nyeusi, bampa la chuma, taa nane juu ya paa, kijiji kidogo, saa tatu usiku. Nani anatazamwa? Sisemi tujifiche, njia ni zetu kama za wengine, ndiyo maana ya wazi kwa wote. Ila gari lisilopiga kelele, lenye mama mmoja mbele amejifunga mtandio na chupa ya chai mapajani, linaulizwa maswali machache. Sipendi iwe hivyo. Ndivyo ilivyo, na anayepanga safari anapanga na hilo.

Mama, sasa. Goti lake halipandi inchi tatu. Hata sasa anashika mlango na bega la Baba. Ukiinyanyua hiyo gari Mama anabaki Edmonton, na kama Mama anabaki mi sielewi hii safari ni ya nini, maana anayejua kutaja milima ya Usambara mmoja mmoja akiangalia vilima vya Wales ni yeye.

Tumefika kwenye droo, na hapa ndipo kaka atakapokasirika, kwa hiyo nitaandika taratibu. Nadhani droo si za vyombo. Kila Jumamosi simu ya kaka inalia. Binamu anahama Ponders End. Kuna hitma, masufuria ya pilau yafike ukumbini kabla ya adhuhuri. Nikaha, viti mia vya kukodi. Mtu kanunua kabati kwa mtu Enfield Lock, "shemeji, dakika kumi tu". Kaka ana miaka thelathini na moja na hajawahi kuwa na Jumamosi. Ukijaza bodi la nyuma droo na friji zilizofungwa kwa boliti, hakuna kabati linaloingia. Hutakiwi tena kusema hapana, gari linasema kwa niaba yako. Pauni elfu tisa za kusema hapana kwa adabu.

Ninamwelewa. Wallahi ninamwelewa, kwa sababu mi ni mtoto wa kike na simu zangu ni za aina nyingine lakini zinalia vilevile. Wazazi wetu walikuja hapa wakabebana, na sisi tumerithi mabega. Lakini hii gari ilichangwa. Mama hakutoa pesa ya kijumbe ili masufuria yake yapande teksi. Kama kaka anataka Jumamosi mbili kwa mwezi ziwe zake, aziseme kwa mdomo, kwenye lile grupu la WhatsApp la ukoo, na mi nitakuwa wa kwanza kuweka dole gumba. Hema la kawaida la chini, kilo saba, linakaa kwenye mfuko. Friji ni boksi la barafu. Vyombo vinakaa kwenye makasha mawili ya plastiki yenye mfuniko, yanafungwa kwa mikanda Ijumaa jioni na kushushwa Jumapili, na Jumatatu pikapu ni pikapu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Tangu ubishi huu uanze, kaka na Ba'mdogo wanakaa chini ya ile gari wikendi, na wanaongea Kiswahili. Kaka, ambaye kwa Mama anajibu kwa Kiingereza miaka yote! Maneno ya gereji hayamuonei mtu aibu: springi, breki, klachi, rejeta, boliti, pancha, tayari unayo nusu, kilichobaki ni kulegeza, kukaza, kuchomoa, kupachika, shika hapa, vuta, taratibu, sio hivyo. Nyie mnaotuandikia kwamba mnaelewa Kiswahili ila ulimi mzito, tafuteni mjomba mwenye gari bovu.

Mpaka jana usiku hali ilikuwa hivi. Tairi zimeagizwa, zinafika Jumatano. Springi Ba'mdogo atazichagua mwenyewe baada ya kuipima gari ikiwa na sisi sote ndani, na ameshasema hakuna kudanganya kilo. Kunyanyua kumekataliwa na goti. Bampa kaka amelisamehe, winchi bado. Droo anasema atatengeneza moja, ya mbao, ya kuchomoka, na Baba ameuliza inachomoka kwa dakika ngapi. Kaka kasema tano. Baba kasema ataweka saa.

Hema la juu hajaliacha. Ana picha yake kwenye simu.